Ekseli Mbili za Shemeji Ovaline

Habari hizi mtazisikia kwa wengi, na wote watazivuruga, kwa hiyo afadhali mzipate kwangu. Shule niliiacha darasa la nane, na mwalimu alifurahi kuliko mimi, lakini kwenye kazi ya kukokota nyumba hakuna profesa wa kunikalisha chini katika kaunti yetu hii ya milima na migodi. Nimekokota nyumba sitini na tatu kwa lori langu mwenyewe, nyingine katika njia ambazo hata mbuzi angegeuza arudi kwao. Nyumba moja tu ndiyo iliyonishinda. Ni ya shemeji yangu, na ameshaniambia nikiiandika nisijitie shujaa. Nitajitahidi.

Shemeji yangu anaitwa Ovaline. Ni mjane wa kaka yangu Delmas, aliyetutoka mwaka 2009, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Ni mwanamke mfupi, ana miwani mikubwa na sauti ya kuamsha bonde zima. Alipika katika jiko la shule ya msingi miaka thelathini na moja, na hapa kwetu hakuna mtu aliye chini ya miaka hamsini ambaye hakuambiwa naye, akiwa mtoto, amalize maharage yake. Mpaka leo askari wa kaunti, bastola kiunoni, akikutana naye dukani huvua kofia na kuapa kwamba ameshakula.

Nyumba yake ilikuwa ya bati, ndefu na nyembamba, ile ya kutengenezwa kiwandani inayokuja barabarani kwa magurudumu ikivutwa na lori. Niliivuta mimi, mwaka 1976, wiki moja baada ya harusi yao. Bibi harusi alikataa kukaa nasi mbele. Alisafiri ndani ya jiko lake, amekumbatia sanduku la vyombo, kinyume cha sheria zote zilizoandikwa. Tulipofika Uwanja wa Hatcher akashuka, akaniangalia juu mpaka chini, kisha akamwambia mumewe, "Huyu mdogo wako anaendesha kama punda aliyelewa." Ndivyo tulivyofahamiana.

Pale uwanjani zilisimama nyumba ishirini na mbili za namna hiyo, mistari miwili, na kijito kando. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mzee Coy Hatcher. Unamlipa kila mwezi, naye anapita na pikapu yake kuulizia kama mabomba hayajaganda. Hakuna aliyeandikiana karatasi na mzee Coy. Alikuwa mtu wa neno lake, na sisi hatukuwahi kukaa chini tukajiuliza neno lake litakaa wapi siku akifa.

Halafu kulikuwa na desturi yetu moja. Nyumba ikishatuama juu ya matofali, kabla hata umeme haujaunganishwa, mwenye nyumba anaingia chini ya sakafu na kufungua ekseli, magurudumu na yote. Majirani wanaleta viti, wanakaa kutazama, na kila gurudumu likitoka wanapiga makofi. Ekseli zinauzwa, au zinabadilishwa kwa kitu, au zinageuzwa tela la kubebea kuni. Hapo ndipo unapohesabika mwenyeji. Aliyeyaacha magurudumu chini ya nyumba yake tulimchukulia ni mpita njia, labda anamkimbia mke, labda anawakimbia polisi, na hakuna mke wa mtu aliyempelekea hata bakuli la mchuzi. Kaka yangu alifungua zake siku ileile ya kufika. Ovaline ndiye aliyemshikia spana. Tangu hapo nyumba ile haikusogea hata kiasi cha unywele kwa miaka arobaini na mitatu. Ikaota veranda mbele, ikaota kibanda cha kuni nyuma, na waridi likapanda ukutani mpaka usingejua lini iliwahi kuwa kitu cha kutembea.

Mzee Coy akafa. Watoto wake wanakaa mji mkubwa huko kaskazini, na kwao Uwanja wa Hatcher ulikuwa ni karatasi tu ndani ya droo. Wakaiuzia kampuni. Mwezi wa Julai Ovaline akanipigia simu.

"Shemeji, una miwani?"

"Ninayo."

"Njoo nayo. Kuna barua imebandikwa mlangoni, na miwani yangu inaisoma vibaya."

Nikaenda. Kila mlango ulikuwa na karatasi yake, nyeupe, imebandikwa kwa gundi nzuri isiyobanduka. Nikamsomea. Uwanja unafungwa, kampuni itajenga vibanda vya wageni wanaokuja kutazama majani ya miti yakibadilika rangi. Kila mtu aondoe nyumba yake kabla ya tarehe thelathini na moja Oktoba. Itakayobaki itavunjwa.

"Rudia hapo pa tarehe," akasema.

"Thelathini na moja Oktoba."

"Mwaka gani?"

"Huuhuu."

"Basi na miwani yako mbovu," akasema, akaingia ndani kuchemsha kahawa. Nilimsikia akifungua na kufunga makabati kwa muda mrefu sana kwa mtu anayetafuta vikombe viwili.

Binti yake, Renna, anaishi Ohio. Akapiga simu na kusema mama aje akae naye, kuna kochi linalokunjuliwa. "Mimi sikunjuliwi," Ovaline akamjibu. Tukauliza katika viwanja vingine vitatu vya nyumba za magurudumu. Vyote vikasema nyumba ya mwaka 1975 hawaipokei, eti inaharibu sura ya mahali. Mwishowe mpwa wetu Dewey, ambaye ana ng'ombe wanne na moyo mkubwa kuliko akili, akasema juu kwake mlimani kuna kipande cha ardhi tambarare, maili tisa kutoka uwanjani. Shangazi aje, na nyumba yake, bure, mpaka siku atakayochoka na sura ya Dewey.

Kwa hiyo mambo yakawa mepesi kuyaeleza: nyumba ipande mlimani kabla ya mwisho wa Oktoba, la sivyo ivunjwe na buldoza. Kilichokosekana ni magurudumu tu.

"Delmas alizipeleka wapi zile ekseli?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua.

"Moja alimpa mume wa Zella Turnbow, akapewa nguruwe."

"Na ya pili?"

Akashusha miwani puani. "Ya pili alikupa wewe, Arlis. Ukaiuza, ukanunua mbwa."

Nikakohoa. Yule mbwa alikuwa mzuri sana, na hilo naliandika bila aibu. Mnunuzi lilikuwa kanisa letu, wakaitengenezea tela la Krismasi, lile linalozungushwa mjini kila Desemba likiwa limebeba Yusufu, Mariamu na kondoo wawili wa kukodi. Nikaenda kwa Mchungaji Lonzo nikiwa nimevaa shati safi.

"Mchungaji, nimekuja kuazima ekseli."

"Ekseli gani, ndugu Arlis?"

"Iliyo chini ya Yusufu na Mariamu."

Akanitazama. "Na Desemba hii watapanda nini?"

"Mara ya kwanza hawakuletwa na tela, Mchungaji."

Alicheka mpaka akashika ukuta, na mchana huohuo tukaifungua. Ya kwanza ikawa imepatikana. Nikajiona mjanja wa dunia.

Ya pili ilikuwa chini ya tela la nyasi la Zella Turnbow, na hapo ndipo ujanja wangu ulipokoma. Zella na shemeji yangu walikuwa hawasemezani tangu sherehe ya mavuno ya mwaka 1988. Kila mmoja alipeleka keki ya tabaka, ile ya matufaha makavu, na kila mmoja akaapa ile ya mwenzake ilikuwa kavu kama kifuniko cha pipa. Majaji waliipa ushindi keki ya Ovaline. Jaji mmoja alikuwa mume wake. Kwa miaka thelathini na moja wanawake wale walikaa pande mbili za kanisa moja, wakimwimbia Mungu mmoja, kila mmoja akijitahidi kumzidi mwenzake sauti.

Nilikwenda peke yangu kwanza. Zella, mrefu, amevaa buti za marehemu mumewe, hakuniruhusu hata kupita geti.

"Mwenyewe hana miguu?"

"Anayo, dada Zella."

"Basi aje nayo."

Ovaline aligoma siku nne. Siku ya tano akavaa kofia yake ya mazishi, akapanda lori langu. Zella alikuwa anatusubiri uani, amekaa juu ya lile tela, miguu inaning'inia kama msichana.

"Karibu, Mpishi Mkuu," akasema.

"Zella."

"Nasikia unatafuta kitu."

"Unajua ninachotafuta. Umekikalia."

"Kizuri hiki. Kimenibebea nyasi tangu watoto wangu wakiwa wadogo." Akapigapiga ubao. "Nitakipata lini tena?"

"Nikifika mlimani. Dewey atakirudisha kesho yake."

"Sawa. Sitaki nguruwe, sitaki malipo. Nataka useme."

"Niseme nini?"

"Unajua. Arlis awepo shahidi."

Shemeji yangu akatazama mlima, akatazama buti za Zella, akanitazama mimi kana kwamba keki zote zile nilizipika mimi. "Ile keki," akasema.

"Ipi?"

"Yako, wewe mwanamke! Ile keki yako ilikuwa..." Akameza mate. "Ilikuwa nzuri."

"Kuliko?"

"Kuliko yangu."

Zella akashuka kwenye tela. Nilitegemea acheke, lakini hakucheka. Akafuta mikono kwa aproni na kusema, kwa sauti ya chini, "Hali imekubana hivyo, Ovaline?"

"Imenibana," Ovaline akajibu.

"Arlis, umekuja na jeki au umekuja kutoa macho?"

Njiani kurudi, ekseli ikigongagonga nyuma, nikamuuliza shemeji kama alimaanisha alichosema. "Kavu kama kifuniko cha pipa," akasema, na kwa mara ya kwanza kutwa nzima nikamwona akitabasamu.

Sasa kibali. Kubeba nyumba barabarani kunahitaji karatasi ya ofisi ya kaunti. Bibi wa dirishani, aliyekula maharage ya Ovaline miaka sita, karibu alie alipokuwa akitueleza: nyumba ya umri ule haipewi karatasi mpaka mhandisi aikague, na mhandisi ana nafasi mwezi wa Januari. Januari! Nyumba ingekuwa imeshakuwa mabati ya kuezekea banda la kuku.

Hapo nikafanya nilichozoea kufanya sheria inapokosa adabu. Barabara yetu inapitwa na watu wa aina mbili, wanaokwenda kanisani na wanaotoka kanisani. Jumapili kuanzia saa tano asubuhi haipiti hata kuku, na askari wetu wa kaunti, kijana Tackett, huwa anaimba sauti ya nne kwenye kwaya. Nikarudi kwa Mchungaji Lonzo.

"Jumapili hii, Mchungaji, hubiri ndefu."

"Ndefu kiasi gani?"

"Maili tisa kupanda mlima."

Akafikiri. "Nitasoma zile sura za fulani akamzaa fulani," akasema. "Nitaeleza jina mojamoja."

Basi Jumapili ya tarehe ishirini na saba Oktoba mimi na Dewey na wanaume sita wa uwanjani tukawa tumeshaiinua nyumba kwa jeki na kuifunga ekseli zake. Msione ilikuwa mchezo. Tulilala chini ya sakafu ile siku tatu, matope mdomoni. Nilimwambia shemeji apande mbele kwenye lori.

"Mimi na nyumba hii tulikuja pamoja."

"Shemeji, ni hatari. Na ni kosa."

"Umekuwa mtu wa sheria tangu lini?" Akaingia jikoni, akafunga mlango.

Nikatia gia. Dewey alikuwa nyuma ya nyumba na trekta, asaidie kusukuma mlimani. Kwanza haikutoka. Halafu kukasikika sauti ndefu ya kung'oka, waridi likaachia ukuta, na nyumba ikasogea. Watu wakasimama milangoni kwao. Hakuna aliyepiga makofi. Zamani tulipiga makofi magurudumu yalipotoka, na sasa tuliyatazama yakizunguka na mtu hajui afanye nini na mikono yake. Nyuma yetu ikabaki veranda, imesimama peke yake, na kiti chake juu, ikitazama mahali pasipo na kitu.

Nilivuta vizuri. Hilo hata Dewey atawaambia. Tukapita mstari wote wa nyumba, tukafika getini, ambapo njia ya uwanja inavuka kijito juu ya daraja dogo na kupanda barabara ya kaunti. Lori likapanda. Jiko likapanda. Nilikuwa nimeshaanza kupiga mluzi wakati mgongo wa nyumba ulipovunjika.

Miaka arobaini na mitatu maji ya bomba yalikuwa yakivuja taratibu chini ya ujia wa katikati ya nyumba, na mbao zilikuwa zimeoza bila kumwambia mtu. Nyumba ikakunjika kama kisu cha kukunja. Jiko likakaa juu ya barabara, chumba cha kulala kikakaa ndani ya geti, na katikati pakafunguka ufa ambao Dewey angeweza kupitisha kichwa. Nikashuka mbio. Palikuwa kimya kabisa. Nimekwisha kuona mgodi ukianguka, na ule ukimya ninaujua. Nikapiga mlango wa jiko kwa ngumi mbili.

"Ovaline! Shemeji! Ovaline!"

"Nakusikia!" ikatoka sauti. "Kwani ni mimi niliyevunjika?"

Nikakaa chini barabarani.

Mchungaji alijitahidi, lakini hata vizazi vya Biblia vina mwisho. Saa saba kasoro kwaya ikafika, na Tackett mbele. Akalitazama jiko barabarani. Akatazama lori langu.

"Mjomba Arlis, kibali kiko wapi?"

"Kinakuja Januari."

"Mjomba..."

Dirisha la jiko likafunguka. "Wewe Tackett, umekula?"

Kijana akavua kofia. "Bado, Shangazi."

"Ingia. Ingilia kushoto, kulia sakafu imeinama."

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokaa, maana hapa ndipo watu wengine hudanganya. Mpaka wa ardhi ya kampuni unapita palepale kwenye daraja. Kwa hiyo chumba cha kulala kilikuwa kwa kampuni na jiko lilikuwa kwa kaunti. Geti ni moja tu. Buldoza zilipokuja Ijumaa, tarehe moja Novemba, juu ya lori lao refu, zilikuta njia imezibwa na jiko lenye mapazia ya maua na moshi wa kahawa. Kampuni haikuweza kuvunja nusu yake, maana nusu ya kaunti ingeanguka. Kaunti haikuweza kuburuta nusu yake bila ruhusa ya kampuni. Kreni ya kaunti ilikuwa mbali, inatengeneza daraja lililochukuliwa na mafuriko. Mawakili wakapigiana simu. Ovaline akapika.

Usiku Renna, aliyekuja mbio kutoka Ohio, alimlaza kwangu kwa nguvu, lakini kila asubuhi saa kumi na mbili shemeji alikuwa jikoni mwake, sakafu imepigwa magogo na Dewey, anageuza mkate wa mahindi kwenye kikaango kilichofungwa waya kisiteleze. Uwanja wote ulikula pale. Katika zile nyumba ishirini na mbili, saba zilikuwa zimepata pa kwenda. Kumi na tano zilikuwa bado, na tisa kati yake zina watoto wa shule. Burl, mchimbaji wa zamani, aliyeondoka mapema ili asione aibu, alikuwa analala ndani ya gari lake nyuma ya duka la mbolea. Naye akaja, akala bila kuvua koti. Siku ya tatu Zella Turnbow alileta keki ya tabaka, akaiweka mezani, ikateleza mpaka ukutani, na wote wawili wakaitazama.

Siku ya tisa akaja mtu wa kampuni mwenyewe, Bwana Prentice, viatu vipya, uso wa mtu asiyelala. Akasimama chini ya dirisha.

"Mama, tafadhali. Hii nyumba lazima iondoke."

"Nyumba ipi? Jiko au chumba?"

"Yote."

"Chumba kiko kwako, chukua. Mashuka yamefuliwa. Jiko ni habari nyingine."

"Mama, unanigharimu kila siku."

"Ingia basi, usigharimike ukiwa na njaa."

Akaingia, akainama upande kama sisi sote. Akapewa kahawa. Kikombe kikaanza safari, Ovaline akakizuia kwa kidole kimoja bila kukitazama. Akapewa maharage na mkate. Akala nusu, akasukuma bakuli.

"Maliza," akasema Ovaline.

Naapa kwa kaburi la yule mbwa, Bwana Prentice alimaliza.

Ndipo Ovaline akamwambia anachotaka. Zile nyumba kumi na tano zisiguswe mpaka shule ifungwe, mwisho wa Mei. Watoto wamalize darasa, wazee wapite baridi, na kila mtu apate muda wa kutafuta pa kwenda. Aandike, atie sahihi, na Tackett awe shahidi. Akifanya hivyo, yeye atatoka jikoni, na kreni ikirudi ilibebe. Bwana Prentice akatoka nje kupiga simu, akatembea barabarani huku na huku, akarudi, akaandika. Meza ilikuwa imeinama kiasi kwamba sahihi yake ilipanda mlima.

Nilisubiri mpaka alipoondoka. "Na wewe, shemeji? Mbona hujaomba chako?"

"Niombe nini?"

"Muda. Na wewe ulistahili muda."

Alikuwa anafuta jiko la gesi, pale pale pasipo na uchafu. "Nyumba yangu imekufa, Arlis. Muda nitaufanyia nini?"

Nikachukua kitambaa cha pili, nikafuta na mimi.

Kreni ilikuja Jumanne. Ovaline alisimama kando ya barabara na kofia yake ya mazishi, akimwelekeza dereva, akimwambia anafunga minyororo vibaya, na kweli alikuwa anaifunga vibaya. Jiko lilipoinuliwa hewani, kabati moja likafunguka na kifuniko cha sufuria kikaanguka, kikazunguka barabarani muda mrefu. Akakikanyaga kikasimama. Akakiokota, akakitia kwapani, akaniambia tuondoke.

Ekseli zilirudi kwa wenyewe. Desemba ile Yusufu na Mariamu walipanda kama kawaida, na Zella aliniambia tela lake sasa linavuta upande, kosa langu. Watu wa uwanjani walikaa mpaka Mei, kama karatasi ilivyosema. Kisha wakatawanyika: huyu kwa dada yake, yule mji wa mbali, wawili sijui waliko. Burl yumo bado garini.

Mlimani kwa Dewey shemeji hakwenda. Alisema alitaka kuipeleka nyumba, siyo kujipeleka yeye kama mzigo. Renna akamtafutia chumba mjini, jengo la wazee, ghorofa ya tatu. Kuna lifti. Kuna maji moto saa zote. Kuna kanuni ukutani: usikaange vitunguu baada ya saa mbili usiku, usipige msumari, usianike nguo dirishani. Nilikwenda nikakuta picha za Delmas zimeegemezwa sakafuni, zimegeukia ukuta. Tukacheza karata michezo mitatu. Miaka arobaini mwanamke huyu ameniibia karata mchana kweupe, na siku ile hakuiba hata moja. Nilimshinda yote mitatu. Nikashuka na lifti nikiwa na hofu, na sijawahi kuogopa kushinda.

"Sina cha kulalamikia," aliniambia kwenye simu, wiki baada ya wiki. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Halafu mwezi wa Machi ikaja mvua, ile kubwa ya kwetu isiyo na haraka ya kuondoka. Simu ikalia.

"Shemeji, paa la lori lako ni bati?"

"Bati tupu."

"Lete."

Nikamkuta chini mlangoni, koti mwilini, mkoba mkononi. Akapanda, akafunga mlango kwa nguvu. Nikauliza tunakwenda wapi, nikawasha injini.

"Zima."

Nikazima. Mvua ilikuwa inatupiga kichwani kama mtu anamwaga mahindi makavu juu ya sinia. Akafumba macho. Tulikaa hivyo palepale, kwenye maegesho ya jengo la wazee, kama robo saa.

"Kule juu siisikii," akasema. "Naiona tu dirishani, kama televisheni iliyozimwa sauti. Silali, Arlis. Nasubiri kuisikia, haiji."

Tangu siku ile ikinyesha naitwa. Nimeacha kazi mbili za kukokota kwa sababu ya mawingu, na kwa mtu wa sifa zangu hilo si jambo dogo. Wakati mwingine anazungumza, anamtaja Delmas, anaitukana miwani yangu. Wakati mwingine hasemi kitu mpaka mvua ikatike. Wiki iliyopita nikamwambia kwamba wazee wa jengo lile wanasimama madirishani kututazama, na wameshatangaza kuwa Ovaline amepata mchumba mwenye lori.

Hakufumbua macho. "Waambie mchumba wangu ni lori," akasema. "Wewe ni dereva. Na punguza kupumua, sisikii vizuri."